Benchi la Jeevanjee au kiti cha Mabibo: mikutano ya wanaharakati wa mtandaoni, na namna ya kuchagua wako

Mtu akiniuliza ajiunge na mkutano upi wa watu wanaotumia mitandao ya kijamii kuibadili jamii, sianzi kwa kumuuliza anapenda nini. Namuuliza: Jumatano mchana huwa uko wapi? Jibu lake tu hufuta nusu ya mapendekezo niliyokuwa nayo. Aliyeajiriwa benki hawezi kuketi Mabibo, Dar es Salaam, na kina mama siku ya kazi. Mama mwenye genge la mboga Manzese naye hawezi kufunga saa kumi na mbili jioni, saa ambayo wateja wa nyanya na vitunguu ndio kwanza wanateremka kwenye daladala, ili aende Kijitonyama kusikiliza mada kuhusu data huria.

Swali la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote: wiki ijayo usipofika, nani atakuulizia? Nimeketi kwenye vikao vya kila namna Dar es Salaam na Nairobi, vyenye viyoyozi na vyenye vumbi, na nimeona watu wakikaa miaka mitatu kwenye kundi bila kujulikana jina. Wengine walikuja mara mbili, wakakosa ya tatu, wakapigiwa simu. Hao wa pili ndio ambao bado nawaona. Kwa hiyo ulinganisho huu hautatoa nyota kwa waifai wala kwa sambusa, ingawa sambusa nitazitaja.

Ukumbi na benchi

Tuanze na viwili visivyofanana hata kidogo, vyote vya Nairobi.

Ukumbi ni iHub, kituo cha watu wa teknolojia, uliofunguliwa Machi 2010, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Waliokuwa nyuma yake ni watu wa Ushahidi, ile ramani iliyoundwa Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, wananchi wakizituma kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti. Ndiyo maana tangu mwanzo, pale mwandika programu na mtetezi wa haki waliweza kunywa kahawa meza moja bila mmoja kumshangaa mwenzake. Baadaye ilihama, na mwaka 2019 ikanunuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos, lakini mtindo wake ulikuwa umeshasambaa. Dar es Salaam ilipata Buni Hub mwaka 2011 ndani ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi. Mombasa ikapata Swahilipot mwaka 2016. Mtindo wenyewe unaujua: jioni baada ya kazi, projekta, wazungumzaji wawili watatu, maswali, kisha watu wamesimama na soda mkononi wakibadilishana namba.

Benchi ni la Bunge la Mwananchi, bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Bustani ile ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, na mwaka 1991 ilinusurika kujengwa maegesho na maduka baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, kuongoza upinzani. Tangu miaka ya 1990 watu huketi pale mchana wakabishana mambo ya nchi. Hakuna kujiandikisha wala projekta. Ajenda ni kilichoandikwa gazetini asubuhi, au siku hizi kilichochafua hewa mtandaoni usiku. Mmoja mwenye bando husoma kwa sauti kutoka kwenye simu, kumi wasio na bando hujibu, na anayerekodi huirudisha hoja mtandaoni ikiwa video. Mtandao umeshuka benchini, benchi limepanda mtandaoni.

Ukitaka mtu wa kukutengenezea tovuti, au kusikia nani anatoa ruzuku kwa vikundi vidogo, nenda ukumbini. Benchini hutapata hayo. Utakachopata benchini ni watu ambao hawana haja ya kukufurahisha. Hoja iliyopata “like” mia tatu hufa Jeevanjee kwa dakika mbili, na mara nyingi inastahili kufa.

Kila upande una mlango wake mwembamba. Ukumbini ni lugha: swali zuri humfia mtu kooni kwa sababu linatarajiwa litoke kwa Kiingereza. Nimeona hilo hata Dar, tena mbele ya wasikilizaji ambao wote ni Waswahili watupu, na sijawahi kuelewa tunamtumbuiza nani. Swahilipot hapo inawazidi wenzake. Iko pembeni mwa Fort Jesus, Kiswahili ni cha nyumbani, na mshairi hukaribishwa sawa na mwandika programu. Benchini mlango mwembamba ni jinsia. Sauti nzito hutawala, na si bure kwamba wanawake wa harakati hizo waliunda lao, Bunge la Wamama Mashinani. Dada anayekwenda Jeevanjee mara ya kwanza namshauri aende na mwenzake na akae karibu na njia. Si kwa hofu ya kudhurika. Ni kwamba akichoka kukatizwa aweze kuondoka bila kuruka miguu ya watu.

Na lile swali langu la kuulizwa? Ukumbini hakuna atakayejua kama hukuja, kwa kuwa kila jioni nusu ya watu ni wapya. Benchini watajua siku ya pili, ila hawatakutafuta, maana wengi wao nao wanatafuta riziki.

Mabibo na Mathare

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wa mitandaoni hukosea zaidi.

TGNP, mtandao wa jinsia ulioanzishwa mwaka 1993, una uwanja wake Mabibo, jirani na Chuo cha Usafirishaji. Semina zake za Jinsia na Maendeleo hufanyika Jumatano, wazi kwa yeyote, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mada ni bajeti, maji, afya, ukatili, sera zinazopita bungeni. Wanaokuja si wataalamu pekee. Ni watu wa Mabibo, Manzese, Kigogo, na wengine wa mbali waliopanda magari mawili. Mada hutolewa, kisha watu huipokea kila mmoja kwa hali ya mtaa wake, na hapo ndipo unagundua kwamba “bajeti ya mlengo wa kijinsia” ni maneno marefu ya ndoo ya maji.

Mathare Social Justice Centre, kituo cha haki za kijamii, ilianza mwaka 2014 ndani ya Mathare yenyewe, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2017 ilitoa ripoti ya mauaji yanayofanywa na polisi, iliyojengwa kwa ushahidi wa familia za mtaani. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na kurasa za Facebook zilizoanika picha za vijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na kuwaonya kwamba zamu yao imekaribia, na wapo walioonekana pale kisha wakauawa. Kwa hiyo mtu wa Mathare akisema “mitandao ya kijamii” hazungumzii kampeni wala hashtegi. Anazungumzia kitu kilichoweza kumuua ndugu yake, na pia kilichobeba ushahidi wa kifo hicho. Kutoka kituoni hapo pia lilitoka kundi la Mathare Green Movement, linalopanda miti kwa kumbukumbu ya vijana waliouawa. Vituo vya namna hii vimezaliwa pia Dandora, Kayole, Githurai na kwingineko.

Mabibo unaweza kwenda wiki tano ukasikiliza tu. Hakuna atakayekuuliza umetoka shirika gani, na ukikaa karibu na mama mwenye daftari utajifunza siasa za mtaa kuliko muhula mzima wa chuo. Ni mahali pa kuanzia, hasa kwa kijana mwenye wafuasi wengi na uzoefu mdogo. Kituo cha haki za kijamii ni tofauti. Kama unaishi mtaa ule ni kwako, ingia. Kama huishi, utaulizwa umeleta nini, na swali hilo ni la haki. Wameshakuja wengi na kamera, wakaondoka na machozi ya watu, video ikapata watazamaji na mama wa marehemu hakuona hata nakala. Usiende Mathare “kutafuta maudhui”. Nenda ukiwa na kitu unachoweza kufanya kwa miezi: kutafsiri nyaraka, kuhifadhi picha mahali salama, kufundisha watoto kompyuta Jumamosi.

Somo la tofauti hii nililipata Dar, kwenye kikao kidogo cha mtaani ambacho sitakitaja. Mama mmoja alisimama na risiti za zahanati, akieleza alivyolipishwa huduma aliyoambiwa ni bure. Vijana watatu waliokaa nyuma, nikiwemo mimi, tulishatoa simu. Picha ile ingewaka kabla ya magharibi. Mwenyekiti, mzee wa makamo, akatuinulia kiganja. “Wanangu, subirini. Mama huyu kesho anarudi kutibiwa wapi?” Tuliona aibu. Risiti zilipigwa picha baadaye, jina likiwa limefunikwa, na zikapelekwa kwanza kwa diwani. Tangu siku ile, nikiingia kikao kipya namtafuta kwa macho mtu wa kuuliza swali kama lile. Kama hayupo, nakaa karibu na mlango.

Na katika Mabibo na Mathare, usipoonekana utaulizwa.

Wanaokuja na chaja

Kuna watu wasioweza kusimama na kujitambulisha mbele ya umati. Wakisikia “tuzunguke kila mmoja aseme jina na anachotarajia”, wanakumbuka ghafla kwamba wameacha pasi imewashwa. Kwao, na kwa yeyote mwenye jioni moja tu kwa mwezi, napendekeza vikao vya kazi: watu wameketi, kompyuta mezani, kila mmoja na kipande chake.

Dar es Salaam ina historia nzuri hapa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 ambayo wakazi wa bonde la Msimbazi hawajayasahau, ilionekana wazi kwamba maeneo mengi ya jiji hayamo kwenye ramani ya maana. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatembea na wakazi uchochoro kwa uchochoro, wakichora mifereji, njia na majengo, na kuyaweka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako kila mtu anaweza kuyatumia bure. Mwaka huohuo ulianza Crowd2Map, unaochora vijiji vya Tanzania kutokana na picha za setilaiti. Kule Mugumu, Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women limetumia ramani hizo kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao huongezeka Desemba shule zikifungwa. Fikiria: mtu ameketi Mwenge anachora paa la nyumba ambayo hajawahi kuiona, na miezi baadaye gari linafika kijiji sahihi usiku. Sijui hashtegi iliyowahi kufanya hivyo.

Jirani yake ni vikao vya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili hukutanisha watu kuandika na kurekebisha makala, na baadhi ya siku hutengwa kwa wanawake ambao vitabu vimewapita kimya.

Ukivilinganisha, ramani ni nyepesi kuanza: saa moja ya mafunzo, na ukichora nyumba ikaangukia barabarani kuna atakayesahihisha. Kiswahili chako, kiwe cha Unguja au cha Kariakoo, hakina hukumu. Wikipedia inadai zaidi. Lazima uwe na vyanzo, na makala isiyo na vyanzo huweza kufutwa hata kama unayemwandikia ni bibi wa heshima ambaye kijiji kizima kinamjua. Hilo huwaudhi wageni, na kwa haki, kwa sababu historia yetu nyingi iko vinywani. Lakini anayevumilia hutoka na ujuzi ambao wanaharakati wengi wa mtandaoni hawana: kuuliza “umelipata wapi?” kabla ya kubonyeza “sambaza”. Vyote viwili vinataka kompyuta, umeme na bando, na hapo mwenye simu tu huachwa nyuma. Uliza mapema kama wanazo mashine za kuazima.

Kuulizwa? Ndiyo, tena kwa namna ya kupendeza: kipande chako cha ramani hubaki cheupe mpaka urudi.

Viwili vya kupita haraka

Makongamano makubwa ni mazuri kwa kukutana na wanasheria na watu wa sera. Kenya ina kongamano la kila mwaka la utawala wa intaneti linaloandaliwa na KICTANet, mtandao wa wadau wa sera za TEHAMA; lile la Afrika la uhuru wa intaneti, FIFAfrica, lilifanyika Dar es Salaam Septemba 2023. Nenda ukipata nafasi, ila usihesabu kama ndiyo kikao chako. Huwezi kuishi kwenye ukumbi wa harusi.

Mijadala ya sauti ya X, Twitter ya zamani, nayo ilionyesha nguvu yake Juni 2024, vijana wa Kenya walipouchambua Muswada wa Fedha usiku kucha hadi wasiowahi kusoma muswada wakajua vifungu kwa namba. Tarehe 5 Julai Rais Ruto mwenyewe aliingia mjadala huo. Mtu wa Kigoma au wa Muscat aliweza kusikiliza kama wa Kilimani, Nairobi, na hilo hakuna benchi linaloliweza. Ila Tanzania X ilifungwa Mei 2025, na makundi yaliyokuwa hayana mahali pengine pa kukutania yalitawanyika kama kuku walioona mwewe. Likipendeza kundi la mtandaoni, uliza wanakutana wapi siku mtandao ukizimwa.

Kabla hujakalia kiti

Tazama karatasi ya mahudhurio. Ukiombwa saini mara mbili, kuna posho. Sina ugomvi na nauli: kumrudishia mama wa Kigogo pesa ya daladala ni haki yake, la sivyo ni wenye magari tu watakaokuwa wanaharakati. Lakini kikao kilichojaa mwezi wa mradi na kubaki viti vitupu mradi ukiisha kimekuambia kilichokuwa kinawakutanisha watu. Chai na sambusa, mimi nazila bila dhamira kunisuta.

Tazama kamera. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote zinaona sura yako ni taarifa yako. Kikao kinachoanza kurusha mubashara bila kumuuliza mtu hakijali nani anafukuzwa kazi kesho.

Kisha sikiliza wanavyozungumzia sheria. Sheria ya makosa ya mtandao ya Kenya ya 2018 iliweka faini hadi shilingi milioni 5 kwa kusambaza taarifa za uongo, au kifungo, au vyote. Ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Shilingi ya Kenya ni nzito kuliko yetu, lakini tazama “hadi” na “isiyopungua” kisha uniambie ipi inakunyima usingizi. Kundi lenye mwanasheria wa kupigiwa simu usiku, au hata mtu mmoja mwenye tabia ya kusema “hii tuihakiki kwanza”, nalichagua kabla ya lenye ukumbi mzuri.

Kama mji wako hauna chochote

Wengi wanaoniuliza wako Tanga, Mtwara, Kitale au Bukavu, na hapo hakuna cha kulinganisha. Anzeni wanne. Baraza ya nyumba ya mmoja wenu inatosha, na Pwani baraza zilijengwa kwa kazi hiyohiyo. Mkiamua kukutana hadharani na kumkaribisha kila mtu, Kenya sheria inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 kabla. Tanzania ni saa 48. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa msimpite bila salamu, maana ndiye atakayeulizwa “wale vijana ni kina nani?” na ni vyema awe na jibu.

Chagueni jambo moja linaloonekana kwa macho: mfereji uliozibwa, taa za barabarani, shule isiyo na choo cha wasichana. Pigeni picha, andikeni tarehe daftarini, gawaneni nani anakwenda ofisi ipi. Kundi la WhatsApp liundeni wiki ya tatu, mkishajua nani huwa anarudi.